Nguruwe pori wamehamia mashambani, na wanaume wa kijiji walitaka kuchoma kichaka cha chemchemi

Wakuu, mimi ni binti wa Alfonsi na Teodora, nilizaliwa Kaengesa, na shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni. Anayeandika ni mjukuu wangu Editha. Nimemwamuru asipunguze neno wala asinitie adabu nisizokuwa nazo.

Ninayoyasema yamenitokea. Asiyeamini aje nyumbani, na aje na sukari yake.

Tuanze na chui.

Nilipokuwa msichana, chui walikuwapo kwenye miteremko ya kushukia Ziwa Rukwa. Walikula mbuzi wetu, nasi tukawalaani. Wanaume wakawamaliza kwa mitego, kisha wakacheza ngoma. Hakuna aliyejiuliza chui alikula nini siku ambazo hakula mbuzi.

Alikula watoto wa nguruwe pori.

Baadaye miti ya miteremko ikageuka mkaa, mifugo ikaongezeka, na mvua nayo ikawa kama mkwe asiyependa ukweni: inachelewa kufika na inawahi kuondoka. Nguruwe wakakosa chakula huko chini, wakapanda kwetu.

Sasa kwa wasioijua Ufipa: sisi hufukia majani mabichi ndani ya matuta ya duara yaoze yawe mbolea, na juu yake tunapanda maharage. Nguruwe amegundua kwamba ndani ya matuta mna mafunza manono. Tunamwandalia karamu, halafu tunauliza mgeni katoka wapi!

Mwaka huu walifumua matuta yangu nusu ya shamba.

Mwenyekiti wetu wa kijiji akatangaza kwamba wanalala kwenye kichaka kilicho kando ya shamba langu. Kichomwe moto, wanaume wasubiri na mikuki, kama walivyowinda baba zao.

Wakuu, katikati ya kichaka hicho ipo chemchemi, na ndiyo pekee iliyobaki na maji kiangazi. Nyingine zilikatiwa miti, zikawa matope, kisha vumbi. Maharage nayataka, lakini hayapikwi kwa mate.

Siku ya kuchoma nilibeba kigoda changu, nikaketi kwenye mlango wa kichaka.

"Shikamoo, bibi," mwenyekiti akasema. "Tunaomba utupishe, tunachoma."

"Marahaba. Chomeni."

"Utaungua, bibi!"

"Nimepikia kuni mbichi tangu baba yako hajaoa. Moshi wako utanifanya nini?"

Mwanangu Osvadi, baba yake Editha, akanijia na mkuki wake.

"Mama, unatuaibisha mbele za watu."

"Aibu utaiona mkeo atakapokutuma ukachote maji mbali kule Laela."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alishika kiberiti, nami nilishika kigoda, tukatazamana kama majogoo wawili wazee.

Ndipo mbwa waliokuja na wawindaji walipochoka kutusikiliza. Walinusa upepo, wakakipa kichaka mkia, wakakimbilia shamba la alizeti la mwenyekiti mwenyewe, ambalo alikuwa hajavuna. Mara mabua yakaanza kutikisika na kundi la nguruwe likachomoka humo, mama na watoto, wamenenepa kama wajumbe wa harusi. Wanaume wakawafuata na mikuki. Nguruwe hata mmoja hawakumpata, ila alizeti waliilaza yote kwa miguu yao.

Sikujua kwamba wamelala kule. Nilijua tu ninachokilinda.

Funzo langu ni hili: mnyama hakukufuata kwa ukorofi. Umemmalizia adui wake, ukauza kivuli chake, kisha ukamlimia chakula. Mlioko Milanzi na kwingineko, semeni: kwenu wamehamia nyani, fisi, au nani? Na mmewafanyaje? Matusi Editha hatanisomea.

Nawe Editha, tunza haya. Matuta uyalime kama nilivyokufundisha, ila maharage yavunwe mapema. Kigoda ni chako. Kichaka kisikatwe hata ufito mmoja wa kusimikia nyanya.

Na mtu akikuuliza humo ndani kuna nini, mwambie kuna chatu. Chatu hayupo, lakini aliyeuliza atarudi kwao.