Ndege wa Kwenye Rupia ya Babu

Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na nyumbani nikabaki. Wenzangu walitawanyika Mwanza na Dar es Salaam kutafuta maisha. Mimi niliyaacha maisha yanitafute yenyewe kwa bibi yangu, nje kidogo ya Ngulyati, kaya ya pili baada ya josho la ng'ombe. Hayakufika. Bibi aliniita mume wake, kwa utani wa bibi na mjukuu, na wageni walipokuja aliongeza kwamba huyu mume wa pili ni mvivu kuliko wa kwanza, ila anajua kusoma.

Hiyo ya kusoma ndiyo iliyotuponza.

Mume wa kwanza, yaani babu, alimwachia rupia ya fedha iliyotobolewa na kutiwa kamba ya ngozi. Bibi aliivaa shingoni tangu siku tulipomzika babu ndani ya zizi, kama walivyozikwa wenye kaya wa zamani. Babu mwenyewe alirudi nayo kutoka vita vya Mjerumani. Alichukuliwa kubeba mizigo, yeye na kaka yake. Walikwenda wawili, akarudi mmoja, na rupia. Kila mwaka baada ya mavuno aliilowesha kwenye pombe ya mtama, akamwita kaka yake kwa jina, akamwomba mvua na afya ya ng'ombe. Juu ya rupia ile kulikuwa na kichwa cha mwanamume mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua ndege aliyekunjua mabawa.

Mama yangu, mtoto pekee wa bibi, alikufa Mkatoliki. Bibi alikuwa hajabatizwa, na kadiri alivyozeeka ndivyo hofu moja ilivyomkalia: kwamba akifa bila maji ya ubatizo, mtoto atakuwa upande mmoja na yeye upande mwingine. Akaanza mafundisho. Katekista alikuja nyumbani kila Jumatano, kwa kuwa miguu ya bibi ilikuwa imechoka. Alipomwambia aache vitu vya mizimu, bibi alivitoa bila ubishi: bangili, pembe, kibuyu kidogo cha dawa. Ila rupia hakuitoa.

"Mayu, Mungu hapangi nyumba moja na mizimu," alisema katekista, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Huyu nimempangisha kwa nani? Yuko shingoni kwangu, kodi nalipa mimi."

"Mayu, nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli, mwalimu. Nikiivua, mume wangu atajua nimemfukuza."

Hakuwa anatania tena. Alitaka kumfuata mtoto bila kumwacha mume, na rupia ndiyo ilikuwa imesimama katikati. Nilimwonea huruma. Basi nikaomba niione. Niliifuta kwa shati langu, nikasoma herufi zilizozunguka kile kichwa, nikakohoa kama mwalimu mkuu.

"Mwalimu, hiki ni Kilatini."

"Una hakika?"

"Kiingereza nakijua, na hiki si Kiingereza." Kiingereza nilipata D, nayo kwa huruma. "Si Kiswahili, si Kisukuma. Sasa imebaki lugha gani?"

Katekista aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akatamka herufi polepole. Alikiri kwamba maneno yanaishia kama yale ya Misa ya zamani.

"Na ndege je?" nikamsukuma. "Ndege anayemtulia mtu kichwani, kwenye Biblia, ni ndege gani?"

Akafanya ishara ya msalaba.

Kwamba nilikuwa nadanganya, siwezi kusema. Nilikuwa nimeyapenda maneno yangu mwenyewe kiasi cha kuyaamini. Bibi aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, na sikuwa nimeyaona tangu msiba wa mama.

"Kwa hiyo mume wangu alikuwa na Roho wa Mungu siku zote, bila kujua," alisema. "Kwa hiyo yuko na mtoto."

Ubatizo ukapangwa Jumapili ya pili.

Miaka ile chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee wa pamba. Magari ya wanunuzi binafsi yalipita kila njia, kila mtu na mizani yake. Mmoja wao, mtu wa Mwanza aliyekuwa ananunua pamba Kasoli, alikuwa ananunua pia chochote cha kale. Aliingia kwetu mchana na gari lake, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya ubatizo.

"Mwadila, mayu," alimwamkia bibi, na macho yalishafika shingoni. Alitoa kioo cha kukuzia, akachutama mbele yake, akaomba kuitazama. Kisha akataja bei.

"Haiuzwi," nikasema. "Huyo mwenye masharubu ni mtakatifu, na huyo ndege ni Roho Mtakatifu."

Alisimama akicheka hadi akashika bodi ya gari lake. "Roho Mtakatifu mwenye makucha hayo? Kijana, nani kakufundisha? Huyu ni Kaizari, mfalme wa Wajerumani. Ndege ni tai wa kofia yake."

"Wajerumani wale wa vita?" bibi aliuliza.

"Hao hao, mayu. Vita vilikuwa vyake."

Bibi aliifumba rupia kwenye kiganja. Yule bwana alipandisha bei. Bibi hakumtazama. "Nenda, baba. Pamba inakungoja."

Gari lilipoondoka niliokota fagio nikaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Mume wangu," aliita. "Ulijua?"

"Sikujua, bibi."

"Ulisema unajua."

Nikainamia fagio.

"Babu yako amemwekea pombe mtu aliyemuua kaka yake," alisema polepole, kama anayejifunza kusoma. "Miaka yote ile. Na mimi nikamvaa." Kisha akanyoosha shingo. "Lete kisu."

Nilikata kamba. Mahali rupia ilipokaa ngozi yake ilikuwa nyororo kama ya mtoto.

Kesho yake asubuhi, ng'ombe walipokwisha kutoka, alinishika bega tukaenda zizini. Nilichimba kwa jembe kwenye kaburi la babu, kishimo cha kiganja kimoja. Bibi alikaa kwenye kigoda, akaitia rupia humo, akazungumza Kisukuma, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia babu chakula kiko tayari.

"Huyu mwenye ndege si ndugu yako. Tumedanganyika, wewe kwanza, mimi baada yako. Nakuletea, umwulize mwenyewe alimwacha wapi kaka yako. Mimi Jumapili nakwenda kumwagiwa maji, nimfuate mtoto. Sikufukuzi. Kama unakataa, sema sasa, niko hapa."

Tukangoja. Nzi walikuwa wengi, samadi imenipanda hadi kwenye vifundo, jua likaanza kuchoma kisogo.

"Bibi, tunangoja nini?"

"Tulia, mume wa pili. Wa kwanza anafikiri."

Tulikaa hadi kivuli cha uzio kikatuacha. Ndipo akajiinua.

"Hajakataa."

"Hajasema kitu, bibi."

"Nimekaa naye maisha yangu yote. Akikataa, husema. Akikubali, hunyamaza." Akakifukia kishimo kwa mguu wake. "Sasa nenda kwa mwalimu. Umwambie hakuwa njiwa, kwa mdomo wako ule ule. Umwulize kama Jumapili yangu bado ipo."

Nilikwenda. Katekista alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika nyundo, anapigilia benchi la kanisa. Niliomba moyoni anigombeze.

"Shingo iko wazi?" aliuliza tu.

"Iko wazi."

"Mwambie avae kitambaa chepesi. Padri huyu humwaga maji mengi."

Jumapili padri, mgeni asiyejua Kisukuma, alimwuliza bibi kama anamkataa Shetani. Bibi alijibu kwa Kisukuma, kwa sauti iliyofika hadi nje, kwamba anamkataa Shetani, na yule mwenye ndege pia. Watu wakageuka. Padri akanitazama nimtafsirie.

"Amesema anamkataa," nikasema, na sikuongeza neno.