Mama wa Ukingoni mwa Hori

Mtacheka, najua. Mimi mwenyewe nlikuwa mchekaji kuliko nyote. Lakini haya yamenifika, mchana kweupe, mjini Unguja, siku zile hori, ule mkono wa bahari wa kuvukia Ng'ambo, lilipokuwa likifukiwa kwa vifusi.

Nlikuwa fundi wa kutia picha fremu. Asubuhi moja mzungu kaleta picha kuukuu ya rangi za maji: hori hilohilo, enzi za mababu, limejaa mashua. Wanapakia pembe, karafuu, na watu. Ndiyo, watu. Kwenye mashua moja kakaa mtoto, kafungwa kamba kiunoni. Ukingoni kasimama mama kajifunga kaniki, shuka nyeusi, anamtazama. Nami nkamtazama mama yule hata gundi ikanikaukia mkononi.

Adhuhuri, tajiri yangu, mwenye duka, kenda kusali, akaingia mwanamke wa makamo. Kaniki imerowa, tope mpaka magotini. Upande wa duka letu hori lishakauka. Tope kalitoa wapi? Sikujiuliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu hajala." Akaionesha picha kwa kidole. "Nnakwenda mtafutia mkate. Hiyo usiitie kioo mpaka nirudi."

Nkaona akili zimemruka maskini. Akanitia huruma. "Wallahi sitii, bibi. Nenda Darajani kwa Bi Mize, mwambie mimi nimekutuma."

Tajiri akarudi na mzungu wake. "Hujamaliza tu? Meli inaondoka alasiri!"

"Kuna bibi kaniomba tungoje."

"Bibi gani? Bibi harusi?"

Waliokaa barazani wakaangua kicheko. Nami nkaona haya, nkacheka nao, nkatia kioo, nkagongomea misumari, nkabandika karatasi nyuma. Kisha nkaigeuza.

Ukingo mtupu! Niamini. Mama hayupo. Mtoto kabaki mashuani peke yake.

"Bwana, nipe nifungue kidogo tu!"

"Una wazimu wewe?" Tajiri akaninyang'anya, mzungu akaenda nayo bandarini.

Haukupita muda, yule mama huyo kizingitini, kapakata mkate wa kumimina ndani ya jani la mgomba, bado unatoa moshi.

"Mashua imeshaondoka?"

Ungemjibu nini wewe? Nlimwambia, "Bado, bibi."

Akafurahi. Akaketi kungoja.

Nimehama nyumba tatu tangu siku ile. Kila adhuhuri nakuta matope mabichi kizingitini, na harufu ya mkate. Simuoni, ila namsikia akiuliza, nami namjibu neno lilelile, maana jingine sina.

Basi ndugu yangu, ukiombwa ungoje, ngoja, wacheke watakavyo. Na usimwapie mtu kwa kumliwaza tu. Mimi niliapa, na yule mtoto mpaka leo hajala.