Firimbi ya Mabehewa ya Wanawake

Chini kule Ataba, Kairo, njia mbili za treni za chini ya ardhi zinapokutana, kuna mlinzi ambaye watu wanamjua kwa firimbi yake. Kazi yake ni kuwafukuza wanaume wanaosogelea mabehewa ya wanawake, na hana huruma. "Wewe, na masharubu yote hayo, umekuwa bibi harusi lini?" humwuliza mtu, kisha humpulizia sikioni. Kidole gumba chake kimeota sugu kwa kuipapasa ile firimbi. Asiyempulizia ni mmoja tu, Ami Mitwalli, mzee ambaye kila asubuhi hushuka behewa la nyuma akaja kumngojea mkewe mlangoni, kama walivyozoea miaka yote: kupanda mabehewa tofauti, kukutana hapa, kubadilisha treni pamoja. Leo tena mzee kauliza, "Mwanangu, Hajati hajashuka?" Mlinzi akaitoa firimbi mdomoni. Yeye ndiye aliyemtoa Hajati behewani majira ya baridi yaliyopita, kafunikwa mpaka uso kwa shela la Hajati mwenyewe, na mzee alikuwepo, kamshika mkono mkewe mpaka juu barabarani. "Leo wamejaa mno, ami," akasema. "Atakuja na treni ijayo." Treni ikaingia, milango ikafunguka, na mlinzi naye akajikuta anawatazama wanawake wanaoshuka, mmoja mmoja.