Mama Aliyejibu Ndiyo

Mimi ni wakili, na ofisi yangu iko Kitale, juu ya duka la mbegu. Kesi ninazozipenda zaidi hazinipi sifa mjini: za watu waliovuka mpaka, wakashikwa, wakakosa wa kuwasemea.

Msimu mmoja wa palizi, mtawa anayewatembelea mahabusu alinipigia simu. "Wakili, kuna mama Mganda amefungiwa hapa Bungoma. Amekiri kosa, lakini sidhani anajua amekiri nini."

Nikaondoka nyumbani Kibomet asubuhi. Askari jela akanionya mlangoni, "Utachoka bure. Huyo hasemangi. Ni ndiyo tu."

Akaletwa mama wa makamo, amejifunga leso kiunoni. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama ana mume. "Ndiyo." Kama hana mume. "Ndiyo."

Nikaweka kalamu chini. "Mulembe, mama," nikamwamkia kwa Kibukusu, lugha niliyonyonya nayo.

Akainua uso. Alikuwa Mgisu wa ng'ambo ya Mlima Elgon, na lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja. Maneno yakamtoka kama maji yaliyozibuliwa. Dada yake, aliyeolewa Myanga, alikufa akaacha watoto wadogo. Yeye alikuja mazishini kwa kibali, akabaki kuwalea, kibali kikaisha. Siku ya soko alishikwa Chwele akiuza vitunguu. Kortini akasomewa kwa Kiswahili kwamba aliingia nchini kinyume cha sheria.

"Nilijibu ndiyo kwa heshima," akaniambia. "Kumbe nilikuwa nakubali?"

"Ulikubali, mama."

Akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akaangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia. Askari akachungulia kuona kuna nini.

Hukumu ilikuwa bado kusomwa. Nikasimama mbele ya hakimu. "Mheshimiwa, mshtakiwa ana haki ya kuelewa anachoshtakiwa. Naomba asomewe upya kwa Kigisu." Kiongozi wa mashtaka akalalamika ati napoteza wakati. Hakimu akakubali ombi langu.

Mkalimani alipomaliza kusoma, mama alijinyoosha. "Hapana. Mimi sikuingia kwa wizi. Nilipita mbele ya watu wa mpakani, wakanigongea muhuri. Nilichelewa kurudi kwa sababu watoto hawajui kujipikia."

Sauti yake ilijaa chumba kizima.

Kiongozi wa mashtaka aliuliza mpakani, akapata ni kweli, akaondoa mashtaka. Watu wa uhamiaji nao wakampa muda wa kutengeneza kibali kipya.

Nilimpeleka mwenyewe hadi Myanga. Watoto walikuwa wanapalilia mahindi na jirani. Yule mdogo alitupa jembe, akaja mbio akamrukia shangazi... la, kwao huyo ni mama mdogo, na hivyo ndivyo alivyomwita, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Sikuruhusiwa kuondoka. Alinipikia malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa, kwa mchuzi mzito wa karanga. Nilikula mpaka nikalegeza mshipi.