Chupa Kumi za Msituni

Mjukuu wangu anasomea konokono chuo kikuu. Nilipoambiwa nilicheka, lakini kanisani nilitangaza kana kwamba anasomea urubani.

Likizo moja aliniachia chupa ishirini zenye spiriti. Kumi nijaze konokono wa migombani kwangu hapa Mpuguso, kumi wa msitu wa mlimani, juu ya Isongole. Kwa macho wanafanana, naye alitaka kujua kama ni aina moja au mbili. Angekata kinyama cha kila mmoja, maabara wasome vinasaba vyake, kisha programu ya kompyuta ilinganishe na kuwagawa.

Ukatokea msiba kwa jirani. Kwetu jirani akifiwa hugusi jembe, sembuse kupanda msituni. Nilikaa matangani mpaka siku zikaisha, na kesho yake chupa zinatakiwa. Ningesema msiba umenibana angeelewa, ni mtoto wa huku huku. Lakini nilishajigamba kwamba miguu yangu bado ni ya chuma. Nikainama mgombani, nikajaza zote ishirini, hata zile kumi alizobandika karatasi ya msitu.

Miezi ikapita. Akaja na kompyuta yake, akaniketisha jikoni, akanionyesha mchoro kama mti ulioangukia ubavu. Konokono wote walirundikana tawi moja. Alikuwa amejaribu programu moja, kajaribu na nyingine, zote zinasema hawa ni aina moja. Mwalimu wake haamini, anamuuliza kama alichanganya chupa, na kazi yenyewe ndiyo ya kumalizia chuo.

"Nimemwambia aliyekusanya ni bibi yangu," akasema. "Bibi hawezi kukosea."

Uso uliniwaka mbele ya mtoto niliyemfunga nepi.

"Wote ni wa hapo migombani, nyuma ya choo," nikamwambia.

Akauliza kama hata mmoja hakutoka msituni. Nikasema hata mmoja. Hakunigombeza. Alimpigia mwalimu wake hapo hapo, akaomba matokeo yafutwe, akasema kosa ni lake yeye. Nilinyoosha mkono nichukue simu niseme mwenyewe, akanigeuzia mgongo.

Asubuhi aliita bodaboda ya kumpeleka Isongole. Nikafunga kitenge changu, nikamwambia twende wote.

"Pumzika tu, bibi," akasema kwa upole. Bora angenitukana. Chupa mpya za msituni alizibeba mwenyewe, zote kumi, hakuniachia hata moja.