Kitambulisho Kilichobaki Koponi

Mtaa wetu huu wa Kuze hakuna jina nisilolijua. Nyumba kwa nyumba nitakutajia waliomo, waliohama, na mama zao. Hapa siyaandiki, maana wengine hawapendi. Katika chuo cha Kurani nilisoma herufi za Kiarabu tu. Hizi za kizungu nilijifundisha ukubwani, nazo nazisoma pole pole, kama mtu apandaye ngazi gizani. Na sasa jicho la kulia limeingia ukungu.

Daktari alisema lipasuliwe kabla ya mfungo, likichelewa huenda nuru isirudi. Hospitali ikataka kadi ya benki, ile ya kulipa kidogo kidogo. Pensheni ya marehemu mume wangu hupitia benki ile tangu afe, nami nikaona hili si tatizo. Fomu wakaijaza watu wa benki wenyewe, kwa nambari ya kitambulisho niliyofungulia akaunti zamani. Baada ya wiki ukaja ujumbe wa simu: ombi lako halikukubaliwa. Basi. Sababu hakuna.

Nikaenda benki. Njoo Jumatatu, wakaniambia. Jumatatu wakasema aliyenihudumia yuko likizo. Mara ya tatu nikaketi mbele ya binti wa dirishani, nikamwambia siondoki.

"Shikamoo, bibi." Akabonyeza mashine yake, akatazama, akabonyeza tena. Uso ukambadilika. Akainama, sauti ikawa ndogo. "Bibi, mtambo unasema mwenye nambari hii alifariki mwaka jana."

"Na hiyo shikamoo umempa nani?"

Bwana mmoja nyuma yangu akapaza sauti. "Bibi, kama ushakufa, tupishe tulio hai!" Foleni nzima ikacheka. Nikageuka nikamtajia jina la babake, la babu yake, na la nyanya yake aliyekuwa akija kwetu kuomba chumvi.

Binti akataka kitambulisho. Nikakifungua kwenye leso, nikampa. Akakitazama, akanitazama.

"Huyu si mwenye akaunti. Jina ni lingine."

"Nisomee."

Akasoma jina la mdogo wangu.

Mwaka jana mdogo wangu alikufa asubuhi, na ada yetu maiti halazwi ndani usiku. Alikuwa azikwe kabla ya laasiri. Wanaume wamejaa barazani, wangoja kibali cha kuzika, na chifu ataka kitambulisho cha marehemu. Vyetu viwili vilikaa kopo moja la halua, uvunguni, miaka na miaka. Picha zote mbili ni za buibui, na sura ni moja, ya mama yetu. Mimi nalia, wao wasema hima, hima. Nikatia mkono nikatoa kimoja. Nilikitoa mimi, na aliyekipokea hakukisoma. Kaburini walimwita kwa jina lake. Chifu aliandika langu.

"Kwa karatasi," binti akasema, "aliye hai ni huyu." Akaigonga ile picha kwa ukucha. "Na akaunti ya marehemu lazima tuisimamishe, mpaka familia yake ije itie sahihi."

"Familia yake ni mimi, mwanangu."

Alikuwa anaandika.

Nilikwenda kuomba kadi, nikarudi bila kadi na bila pensheni. Ofisi ya chifu wataka kwanza barua ya benki. Benki wataka kwanza barua ya chifu. Jirani zangu walikuja kunishuhudia kuwa mimi ndiye, wakaambiwa wao si jamaa. Tarehe ya daktari ikapita. Mwezi wa mfungo ukaandama, ukaisha, nikaambiwa tu, sikuuona. Ukungu sasa umeshika na jicho la kushoto, na haya nayaandika kwa herufi kubwa kubwa, mstari juu ya mstari.

Jana nimeitwa tena kwa chifu, niende na kitambulisho kilichobaki. Nikakitoa koponi, nikakisogeza dirishani kwenye jua la adhuhuri. Nikauona weusi wa buibui. Uso sikuuona. Najua ni yeye, kwa kuwa yule binti alinisomea.