Dumu Nililolilaza Ubavu

Kama yupo mzee mwingine katika Arusha hii aliyewahi kufua blanketi uwanjani kwa wakwe, amevaa suti na tai, mbele ya wanakwaya kumi na wawili, basi aje tukae benchi moja tufarijiane, maana mimi mwenzangu sijampata hadi leo. Jambo hili nimelificha miaka mingi. Lakini juzi wajukuu zangu walikuwa wakibishana sebuleni kama gemu lina faida yoyote kwa binadamu au ni kuharibu akili tu, na mimi nimekaa pale pembeni na chai yangu, huku najua kwamba katika nyumba ile yote mwenye jibu ni mimi. Basi leo nalitoa, mcheke mmalize.

Shule mimi niliishia darasa la tatu (mwalimu alisema hata hayo matatu nimeyapata kwa huruma), nikatoka kwetu Kilimanjaro nikaja mjini, nikawa mpakiaji wa malori sokoni. Kazi hiyo watu wanaidharau, wanadhani ni mgongo tu, kumbe kuna kichwa ndani yake, ukipanga magunia vibaya lori linalala kwenye kona. Haya. Ikaja ile miaka ya ruksa, vitu vikaanza kuingia kutoka kila upande, redio zenye taa, saa zinazolia, mashati ya mitumba yenye maandishi ambayo hakuna aliyejua yanasema nini, na humo humo akaingia yule shetani mdogo. Ni kidude cha kijivu cha kushika mkononi, kina kioo, na ndani ya kioo vitofali vinashuka kutoka juu, kingine mraba, kingine kimejikunja kama goti, kingine kirefu kama fimbo, na kazi yako ni kuvigeuza vikae vizuri bila kuacha tundu. Mstari ukijaa unafutika. Ni hilo tu, hakuna lingine, na hilo hilo lilitaka kunimaliza.

Nilicheza chooni hadi miguu ikafa ganzi. Nilicheza ugali ukapoa. Mke wangu, Mama Godi, alikuwa akinikuta nimejikunja kwenye kochi ananiuliza, "Baba Godi, unachambua mchele?" Hata kanisani, mchungaji anahubiri, mimi naangalia mabenchi naona familia ya watu watano imekaa kwenye benchi la watu sita, na ile nafasi moja iliyobaki inaniuma kama jino.

Lakini (na hapa wajukuu wasikilize) kazini nilibadilika. Nilikuwa nikitazama mzigo chini naona tayari umeshapanda juu, boksi hili hapa, gunia lile pale, kile kirefu kisimame pembeni. Lori lililokuwa likiondoka limejaa na mizigo mingine imebaki, mimi nalipakia mizigo yote inaingia na mtu mmoja anapata pa kukaa. Madereva wakaanza kuniulizia kwa jina, wakaniita Fundi Tofali. Na sifa, ndugu zangu, sifa ni mbaya kuliko gongo.

Mwaka ule mwanangu Godlisten akapata mchumba, Elineema, binti wa Kimeru kutoka huko juu ya Kikatiti, unaiacha barabara ya Moshi unapanda kuelekea mlimani. Godi alimpenda binti yule hadi akaacha kunenepa. Mshenga wetu alikuwa shemeji yangu Aminieli, kaka yake Mama Godi, mtu wa taratibu, na yeye ndiye aliyetuonya mapema kuhusu bibi yake Elineema. Bibi yule ndiye aliyemlea msichana, na kwake maneno hayaanzi mpaka afunikwe blanketi lake. Kuna posa moja ya mjukuu mwingine aliyoirudisha getini kwa sababu waliokuja walisema blanketi litaletwa wiki ijayo. "Blanketi kwanza," alituambia Aminieli, tena akarudia kama anamfundisha kasuku. "Mbege, ndizi, sukari, yote baadaye. Blanketi kwanza."

Ikafika Jumamosi ya kupeleka mahari. Mbuzi walikwishatangulia jana yake. Asubuhi pale nyumbani Themi mzigo umepangwa uani: mikungu ya ndizi, kreti za soda, mifuko ya sukari, ndoo ya asali, mashuka, blanketi lenyewe jekundu zito, na madumu manne ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, aliyoipika Mama Godi kwa mkono wake, bado inachemka yenyewe kwa ulezi, changa na kali. Aminieli akaleta pikapu mbili. Mimi nikazitazama, nikautazama mzigo, nikacheka.

"Rudisha moja," nikasema.

"Shemeji, mzigo huu ni wa pikapu mbili," akasema Aminieli.

"Huo ni mzigo wa pikapu mbili kwa mtu asiyejua kupanga. Mahari haiendi vipande vipande kama nyama ya buchani."

Nikavua koti, nikapanda. Blanketi na mashuka nikayatandaza chini kabisa (kwenye gemu unaanza na vya bapa, ndiyo msingi), juu yake kreti, ndizi zikakumbatiana, sukari ikaziba pembe, ah, watu waliacha kunywa chai wakaja kutazama. Mwisho likabaki dumu moja la mbege, na kwenye mzigo likabaki tundu moja. Tundu lilikuwa la kulala, dumu lilikuwa la kusimama. Sasa mtu mwenye akili zake angelishika dumu hilo mapajani akaenda nalo. Mimi kidole gumba kikacheza chenyewe kama nabonyeza kitufe cha kugeuza. Nikalilaza dumu ubavu, likaingia tii! Likaanza kuvuja kidogo, maana kifuniko kilikuwa kimelegezwa. Nikakikaza. Nikakikaza kwa nguvu zangu zote za sokoni.

Mnaotoka kwetu mmeshashika vichwa, najua. Mbege changa haikazwi kifuniko! Mtoto wa miaka sita analijua hilo, ukimtuma mbege anakuja na dumu linapumua. Lakini siku ile mimi sikuwa mtoto wa miaka sita, nilikuwa Fundi Tofali, na majirani walikuwa wananipigia makofi. Pikapu ya pili ikaondoka tupu.

Jua lilikuwa kali, na kutoka Kikatiti kupanda juu ile njia ni mawe matupu, pikapu inaruka na mbege ndani inatikiswa kama dawa ya kikohozi. Sisi tulikuwa nyuma kwenye basi dogo, tunaimba. Tukafika getini saa saba, wenyeji wakatupokea kwa vigelegele na kwaya yao, na katikati ya uwanja, kwenye kiti cha mikono, kakaa bibi mwenyewe, mdogo kama kuku aliyenyeshewa, na macho yanayokuhesabu mbavu. Jua la Kikatiti tuliliacha bondeni, huko juu ukungu ulikuwa umeshuka mlimani na kibaridi kinakata.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Nasikia baridi."

Basi hilo ndilo lilikuwa neno lake, hakuongeza. Aminieli akanigeukia akitabasamu kwa meno ya mbele tu, akanong'ona, "Shemeji, blanketi."

Nikaenda kwenye pikapu. Nikavuta kreti ya juu. Haikutoka. Nikavuta mkungu wa ndizi, ukatoka mkia tu. Nikashika dumu nilivute, ni kama nimeshika jiwe lililoota pale. Godi akaja, dereva akaja, tukavuta watatu, pikapu yote ikatikisika, mzigo haukutikisika. Kule nyuma kwaya imemaliza wimbo wa kwanza, ikaanza wa pili kwa sauti ya kujiuliza.

Hapo ningesema ukweli, kwamba blanketi liko chini na mzigo umekwama, ingekuwa kicheko kidogo yakaisha. Mimi nikarudi uwanjani nimejipanguza jasho, nikasema kwa sauti nzito, "Mama, kwetu Uchagani blanketi ni kitu cha heshima, linakuja mwisho wa yote."

Mama mmoja mnene kutoka upande wao, shangazi yake Elineema, akainuka. "Mimi nimeolewa Machame, huko huko Uchagani, mwaka wa thelathini huu," akasema. "Mila hiyo ni ya ukoo gani, baba? Maana wangu hawajaniambia."

"Ni... ni ya huku chini kidogo," nikasema.

"Chini wapi?"

Godi wangu akaniangalia. Nyie, mwanao akikuangalia vile, akiwa na shati jipya na maua kifuani, unatamani ardhi ipasuke. Elineema alikuwa mlangoni na mdogo wake, ameziba mdomo kwa kanga. Bibi akaanza kuukusanya mkongojo wake, polepole, kama mtu anayetaka kuingia ndani. Na akiingia ndani, posa imeisha, tulikwishaambiwa.

Mzee wa kanisa wao, Mzee Samweli, baba mdogo wa binti, mtu mwenye shati jeupe pe na asiyegusa pombe tangu kubatizwa, akaona aokoe jahazi. "Tuombe kwanza," akasema. Tukainamisha vichwa. Mimi nikainama zaidi ya wote kwa sababu ya hatia, tumbo likabana mfuko wa koti, na kile kidude changu kikawaka. Kinapowaka kinaimba. Ti-ri-ti-ti, ti-ri-ti-ti! Mzee Samweli akanyamaza katikati ya sala. Nikakipapasa nikizime, nikabonyeza kitufe kingine, kikaongeza sauti.

"Nani huyo analia?" akauliza bibi.

Aminieli akakosa uvumilivu. "Ni gemu lake, mama. La matofali. Ndilo lililopakia mzigo wetu, na blanketi lako liko chini kabisa."

Na wakati huo huo dereva anapiga kelele kutoka kwenye pikapu, "Mzee! Njoo uone, hili dumu limenenepa!"

Tukakimbilia wote. Kweli, dumu lilikuwa limevimba pande zote kama mimba ya pacha, limebana kreti, kreti zimebana ndizi, na vyote vimelikalia blanketi. Godi akaligusa, akanigeukia. "Baba," akasema taratibu, "ulikikaza?"

Wanakwaya waliguna kwa pamoja, tena kwa sauti nne.

"Ondokeni," nikasema, "nitalegeza kidogo tu." Nikashika kifuniko. Mzee Samweli, kwa wema wake, akainama karibu yangu aone kama anaweza kusaidia. Nikazungusha robo, siyo hata robo. PAA! Kifuniko kilipita sikioni kwangu kikaenda migombani, na mbege ikatoka kama bomba la zimamoto, ikamvaa Mzee Samweli kifuani, usoni, kwenye masharubu, ikanigeukia mimi, ikaosha ndizi zote, kisha iliyobaki ikatelemka kwa utulivu kabisa hadi chini, hadi kwenye blanketi.

Mzee Samweli alisimama pale anadondoka ulezi. Akafumba macho. Ulimi ukatoka wenyewe, ukapita kwenye mdomo wa juu, ukarudi. "Imeiva," akasema.

Hakuna aliyethubutu kucheka, maana bibi alikuwa bado amesimama. Aminieli akakata jani la sale kwenye uzio wao akanibandika mkononi, na mimi nikajua. Kwetu aliyekosa akija ameshika sale hafukuzwi, na Wameru nao wanalielewa. Nikapiga magoti kwenye tope la mbege, suti na yote, nikamwambia bibi ukweli wote, kuanzia pikapu niliyoirudisha hadi uongo wa mila ya huku chini kidogo. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu, mwanangu hajui hata kulishika gemu lenyewe. Usimfungie mlango."

Bibi akasema, "Nileteeni."

Mzigo ulikuwa umelegea, wakalitoa blanketi, linachuruzika. Akalivuta puani. Akanusa muda mrefu. "Wengine walikuja na mdomo bila blanketi," akasema. "Huyu amekuja na blanketi limelewa. Afadhali mlevi, kesho huamka." Hapo ndipo uwanja ulipopasuka kwa kicheko, na shangazi wa Machame ndiye aliyecheka hadi akakaa chini. Bibi hakucheka. "Mtalileta la pili, kavu. Hili atalifua aliyelilevya, sasa hivi, hapa, nikimwona. Na kile kinacholia nakichukua, ni faini."

Basi nikafua. Karai likaletwa, sabuni ya mche ikaletwa, nikakunja mikono ya suti, na kwaya, kwa ubaya wa binadamu, ikaanza kuniimbia. Blanketi zito lile mnalijua likiloa, ni kama kufua ng'ombe. Mke wangu alikaa na wakwe anakunywa soda, hakunyanyua hata kidole.

Wajukuu zangu, gemu lina faida? Lina faida, nilipanga mzigo wa pikapu mbili kwenye moja na hakuna aliyewahi kunibishia hilo. Ila kwenye gemu ukishaujaza mstari unafutika wenyewe na unapewa alama, na duniani ukijaza, wewe mwenyewe ndiye wa kupakua, huku wakwe wanakutazama. Na kitofali hakichachi.

Siku ya harusi bibi alichelewa kutoka chumbani. Tukamsubiri, mchungaji akatuma mtu, mtu akarudi anasema chumbani kunalia ti-ri-ti-ti na bibi amejibu ana tundu moja tu la kuziba. Alipotoka alinikabidhi mimi kupakia zawadi za maharusi, mbele ya watu wote. "Apakie mkwe wangu, anajua," akasema. "Lakini mbege itakaa mbele na dereva, wima, kama mtu mzima."

Na tangu hapo, mbele ya Mungu na mbele ya Mama Godi, sijakaza kifuniko cha mbege. Hata dumu likiwa tupu, mtalikuta kwangu limelegezwa.